Mwongozo kamili wa kujikinga na utapeli wa bima: kuanzia siku ya kununua hadi siku ya kuripoti

Ukinunua viatu unavijaribu palepale, visipokutosha unajua kabla hujatoka dukani. Bima haiko hivyo. Unalipa leo, unapewa karatasi au ujumbe kwenye simu, kisha unaendelea na maisha yako ukitegemea kwamba siku ya ajali, ya moto au ya kulazwa, karatasi ile itakuletea fedha. Tapeli anaipenda sana nafasi hiyo ya katikati. Anaweza kukuuzia hati ya uongo mwezi wa kwanza, usigundue mpaka mwezi wa kumi, gari likiwa limepondeka na yeye hapatikani tena kwenye simu.

Wengi wanaoumizwa hivi si wazembe. Walilipa kwa wakati na risiti walitunza. Ila kila walichokijua kuhusu bima yao walikijua kupitia mdomo wa mtu wa kati. Ndiyo maana karibu kila hatua utakayosoma hapa inarudi kwenye jambo moja: uzungumze na kampuni yenyewe, kwa njia uliyoitafuta wewe.

Hatua ya kwanza: mjue anayekuuzia

Kuna watu wa aina tatu kwenye biashara hii. Kampuni ya bima ndiyo inayolipa fidia. Wakala anauza kwa niaba ya kampuni. Dalali wa bima anakutafutia kampuni inayokufaa, na kwa kawaida anakuwakilisha wewe. Katika nchi nyingi wote hawa wanatakiwa kuwa na leseni au usajili wa mamlaka inayosimamia bima, na mamlaka nyingi huweka orodha ya waliosajiliwa kwenye tovuti yao. Wa nne ni kishoka. Hana leseni, lakini ana fulana yenye nembo, kitambulisho cha kuning'iniza shingoni na lugha tamu.

Usimhakiki kishoka kwa namba aliyokupa yeye. Namba iliyo kwenye kipeperushi chake inaweza kupokelewa na mwenzake aliyekaa chumba cha pili. Nenda kwenye tovuti ya mamlaka ya bima, pata jina kamili la kampuni, tafuta namba ya ofisi yake huko, kisha piga na uulize maswali matatu: Huyu fulani, mwenye leseni namba hii, ni wakala wenu? Leseni yake inaisha lini? Anaruhusiwa kuuza bima ya aina hii? Swali la tatu watu hulisahau. Mtu anaweza kuwa na kibali halali cha kuuza bima ya magari tu, na wewe anakuuzia bima ya maisha.

Dalili za kawaida unazijua: anakuharakisha, anasema ofa inaisha jioni, hataki mkutane ofisini, na bei yake iko chini mno kuliko kampuni nyingine zote kwa kinga ileile. Mimi dalili ninayoiamini kuliko hizo ni kwamba hakuulizi maswali. Bei ya bima inatokana na hatari. Mtu anayekutajia bei kabla hajajua gari ni la mwaka gani, linatumika kwa biashara au kwa shughuli binafsi, na anayeliendesha ana umri gani, hana hesabu yoyote aliyoifanya. Anachopima ni uwezo wako wa kulipa.

Hatua ya pili: fedha zifike kwenye jina la kampuni

Lipa kwenye akaunti ya benki au namba ya malipo ambayo, kabla hujathibitisha muamala, inakuonyesha jina la kampuni. Likitokea jina la mtu, hata la wakala uliyemfahamu miaka mingi, simama hapo. Sababu atakazotoa zinafanana kila mahali: mtandao wa kampuni uko chini, akaunti inafanyiwa marekebisho, akikulipia yeye utapata punguzo. Kama mtandao uko chini kweli, utalipa kesho.

Utapeli unaoumiza zaidi kwenye malipo ni wa bima za maisha na za akiba, kwa sababu hulipwa kidogokidogo kwa miaka. Wakala anapita kila mwezi, anachukua fedha taslimu na kukuandikia risiti ya kitabu. Miezi mingine anapeleka, miezi mingine anatia mfukoni. Kampuni ni halali, hati ni halali, hata leseni ya wakala ni halali, lakini malipo hayakufika yote, na bima isiyolipiwa kwa muda uliowekwa husitishwa. Dawa yake ni taarifa ya malipo. Iombe kwa kampuni angalau mara mbili kwa mwaka, uitandaze mezani pamoja na risiti zako ulizozipanga kwa tarehe, na uweke alama ya vema kwenye kila mstari unaolingana. Ukiwa na risiti kumi na mbili na taarifa inaonyesha malipo manane, unajua ni mangapi yamepotea na ni ya miezi ipi. Usitupe risiti hata moja. Katika sheria za nchi nyingi, fedha aliyopokea wakala mwenye idhini huhesabika kuwa imepokelewa na kampuni, na risiti ile ndiyo itakayokusemea.

Hapohapo, uwe macho na wakala anayekushawishi uvunje bima ya maisha ya zamani ukate mpya. Yeye atapata kamisheni upya. Wewe kipindi cha kusubiri, yaani muda wa mwanzo ambao madai fulani hayalipwi, kinaanza upya, umri wako umeongezeka, na bima ikivunjwa mapema kiasi unachorudishiwa huwa kidogo. Mwambie akuandikie kwenye karatasi utakachopoteza na utakachopata, kisha karatasi hiyo uipeleke kampuni ya zamani waisome.

Hatua ya tatu: fomu ya maombi ijazwe mbele yako

Kamwe usisaini fomu tupu. Wakala anayetaka ombi lipite haraka ataandika "hapana" kwenye kila swali la afya, hata kama umemwambia una shinikizo la damu. Wewe huoni tatizo, mpaka siku unapolazwa na kampuni ikagundua kwamba maelezo yaliyo juu ya saini yako si ya kweli. Wahenga walisema mficha maradhi kilio humfichua, na kwenye bima ya afya kilio hicho huja na bili.

Msingi wake ni wa zamani. Mwaka 1766, jaji Lord Mansfield wa Uingereza, akiamua kesi ya bima ya ngome iliyokuwa Sumatra, alieleza kwamba mkataba wa bima unasimama juu ya nia njema ya pande zote mbili, na kwamba hakuna upande unaoruhusiwa kumficha mwenzake jambo analolijua yeye peke yake. Kampuni hupenda kukumbusha wajibu wa mteja. Inafaa ujue pia kwamba katika kesi ile aliyeshinda alikuwa mwenye bima, kwa sababu mambo aliyodaiwa kuficha yalikuwa yanaweza kujulikana na aliyempa bima.

Kwa hiyo jaza mwenyewe au msomee wakala majibu neno kwa neno. Piga picha kila ukurasa kabla fomu haijaondoka. Nakala ya kitambulisho unayoambatanisha iandikie kwa kalamu, juu ya nakala yenyewe: "Kwa ajili ya maombi ya bima, kampuni fulani, tarehe fulani." Kuna watu hukusanya nakala za vitambulisho kwa kisingizio cha "bima ya bure", kisha hukata bima ya maisha ya mtu asiyejua. Tabia hii si ngeni. Uingereza ilitunga sheria mwaka 1774 kuzuia watu kukata bima juu ya maisha ya wengine ambao hawana maslahi nao, kwa sababu ilikuwa imegeuka kuwa kamari. Mtu akitaka saini na kitambulisho chako kwa bima usiyoiomba, mkatalie na uulizie kampuni kama kuna hati yenye jina lako.

Hatua ya nne: hati ikifika, iambie kampuni ikusomee

Hapa watu wengi waliodhani wamejihami ndipo wanaponaswa. Wanapiga simu, wanauliza, "Hati namba hii ipo?" Wanajibiwa, "Ipo." Wanakata simu wakiwa na amani.

Sasa angalia tapeli mzoefu anavyofanya. Njia ya kwanza ni kughushi hati nzima, na hiyo swali lako litaikamata. Njia ya pili ni kununua hati halali kwa taarifa za uongo. Gari lako ni la biashara, yeye anaandika ni la matumizi binafsi. Dereva ana miaka ishirini, yeye anaandika arobaini. Kampuni inatoa hati ya bei ya chini, tapeli anaifungua kwenye kompyuta, anabadilisha maelezo yafanane na yako na kukutumia. Namba ya hati ni ya kweli kabisa, kilicho nyuma yake ndicho si chako. Njia ya tatu ni kununua hati sahihi, kukukabidhi, kisha kuifuta ndani ya siku chache ambazo sheria au mkataba humruhusu mteja kubadili mawazo. Fedha inarudishwa kwake, na wewe unabaki na hati iliyokufa.

Kwa hiyo usimsomee mhudumu maelezo yako akaitikia. Mwombe yeye asome yaliyo kwenye mfumo wao, huku wewe umeshika hati mkononi: jina la mwenye bima, namba ya gari na ya chesisi, aina ya kinga, matumizi ya gari, tarehe na saa ya kuanza na kuisha, kiasi kilichokatiwa bima, simu na barua pepe iliyosajiliwa. Kipengele cha mwisho kina uzito kuliko kinavyoonekana. Ukikuta namba ya simu iliyosajiliwa si yako, kuna mtu anapokea ujumbe wa bima yako badala yako, ukiwemo ule wa kukuarifu kwamba imefutwa. Ipigie kampuni kwa uhakiki huu mara mbili, siku unapopokea hati na tena baada ya mwezi mmoja. Kama nchi yako ina mfumo wa kuhakiki bima ya gari kwa simu au tovuti, utumie pia.

Hatua ya tano: hospitali na gereji

Niliwahi kwenda kwenye kituo kimoja cha afya kwa ajili ya kikohozi. Mapokezi nilipewa fomu nisaini mapema, "ili usisumbuke kurudi hapa". Sehemu ya huduma ilikuwa tupu. Nilisaini. Wiki kadhaa baadaye niliiomba kampuni initumie orodha ya matumizi ya kadi yangu, nikakuta kwamba siku ile nilipigwa eksirei, nikapimwa damu vipimo vitatu na kutundikiwa dripu. Mimi nilionana na daktari na kupewa dawa ya kikohozi tu. Na saini iliyokuwa chini ya orodha ile ilikuwa yangu.

Hasara yake ni mbili. Ya kwanza ni kikomo cha matibabu, kwa sababu kila huduma hewa hukatwa kwenye kiasi chako cha mwaka. Ya pili inanitia hofu zaidi: kumbukumbu zako za afya zinajaa magonjwa usiyoyaugua. Ndiyo maana kumwazima ndugu kadi ya bima ya afya ni hatari hata kama moyo wako ni safi. Kundi lake la damu na mzio wake wa dawa vinaweza kuandikwa kwenye faili lako, na siku umeletwa huna fahamu daktari atasoma faili hilo. Tena kisheria huo ni udanganyifu wako na wake.

Saini baada ya huduma, ukiona orodha imejazwa na mstari umepigwa mahali ilipoishia. Omba nakala. Kila baada ya miezi mitatu omba taarifa ya matumizi na ulinganishe na siku ulizoenda kweli.

Kwa gereji, piga picha gari kabla ya kuliacha, omba kuonyeshwa vipuri vilivyotolewa, na usisaini fomu ya kuridhika na matengenezo kabla hujaliendesha. Ukiambiwa bampa ni jipya na linaonyesha rangi ya zamani chini ya rangi mpya, piga picha na uitumie kampuni.

Hatua ya sita: ajali ya kupangwa

Gari la mbele linafunga breki ghafla na barabara iko wazi. Taa za breki haziwaki. Abiria wa nyuma alikuwa anageukageuka kukuangalia kabla ya kugongana. Ukishuka, dereva ametulia kupita kiasi na tayari anajua wakili gani na kliniki ipi. Gari la kuvuta linafika na hakuna aliyeliita. Lolote kati ya hayo peke yake halithibitishi kitu, lakini yakikutana matatu au manne, fanya kazi kama shahidi.

Kama hakuna majeruhi anayehitaji msaada wa haraka, piga picha kabla magari hayajasogezwa: yalivyokaa, namba zake, sehemu zilizogongwa, barabara mbele na nyuma. Kisha piga picha ndani ya gari la mwenzako, au andika palepale idadi ya watu na kila mmoja alikuwa amekaa wapi. Ajali za kupangwa hupenda kuzaa majeruhi baadaye. Gari lilikuwa na watu wawili, madai yanakuja ya watano. Waite polisi hata kama mwenzako anabembeleza mmalizane. Usikiri kosa kwa maneno wala kwa maandishi, usisaini karatasi ya mtu wa gari la kuvuta, na ijulishe kampuni siku hiyohiyo. Ukiwa na shaka, waambie una shaka na sababu zake.

Hatua ya saba: unapodai fidia

Simu za "fidia yako iko tayari, tuma ada ya kuitolea" ni utapeli. Kiasi cha hasara unachotakiwa kubeba mwenyewe hukatwa kwenye fidia au hulipwa kwa risiti rasmi. Hakitumwi kwa namba binafsi ya mtu. Na hakuna mfanyakazi halali anayehitaji namba yako ya siri au tarakimu zilizoingia kwenye simu yako sasa hivi.

Ukikutana na mtathmini anayedokeza kwamba ripoti itakuwa nzuri ukimtoa kidogo, usishawishiwe na wale wanaosema penye udhia penyeza rupia. Ukitoa, umeshakuwa mshiriki wake, na atakushika kwa hilo. Iandikie kampuni uombe mtathmini mwingine, ukitaja tarehe na maneno aliyoyasema.

Kuna jambo gumu ambalo ni lazima niliseme. Udanganyifu mwingi unatoka kwetu wateja, na huanza kwa huruma ya fundi au jirani: "Ongeza na televisheni, kampuni ina hela." Mikataba mingi inasema uongo kwenye sehemu moja ya madai unaweza kuangusha madai yote, na sheria ya bima ya Uingereza ya mwaka 2015 inaipa kampuni haki ya kukataa kulipa madai ya udanganyifu. Mtu aliyeunguliwa kweli na nyumba anaweza kukosa kila kitu kwa sababu ya televisheni ambayo hakuwa nayo. Dai ulichopoteza, kwa bei ya kweli. Kama mali moja ina bima mbili, zitaje zote. Bima ya mali inakurudishia hasara yako, haikulipi mara mbili.

Hatua ya nane: ukigundua umetapeliwa

Usimpigie tapeli kumgombeza. Atafuta mazungumzo, atabadili laini na kukuacha bila ushahidi. Anza na fedha. Piga benki au mtoa huduma ya malipo ya simu mara moja uombe muamala uzuiwe au urejeshwe, kwa sababu kila saa inayopita inapunguza uwezekano huo. Kisha jikatie bima halali siku hiyohiyo, maana kuendesha gari bila bima ni kosa karibu kila nchi hata kama uliamini unayo.

Baada ya hapo hifadhi kila kitu. Piga picha za skrini zinazoonyesha namba na tarehe, weka hati halisi kwenye bahasha bila kuikunja wala kuiandika, na kwenye karatasi nyingine andika mtiririko wa matukio ukiwa bado unaukumbuka. Ripoti iende kwanza kwa kampuni ambayo jina lake limetumika, halafu mamlaka ya bima, halafu polisi. Kama fedha ni nyingi au vitambulisho vyako vimechukuliwa, polisi watangulie. Barua yenyewe iwe fupi na ya ukweli mtupu, mfano huu:

"Tarehe fulani nilikutana na mtu aliyejitambulisha kwa jina fulani, simu namba fulani, kama wakala wenu. Nililipa kiasi fulani kwenye namba fulani iliyoonyesha jina fulani. Kumbukumbu ya muamala ni hii. Nilipewa hati namba fulani. Tarehe fulani nilipiga ofisini kwenu, mhudumu akaniambia hati hiyo imesajiliwa kwa gari jingine. Naambatanisha nakala za hati, muamala na mazungumzo. Naomba uchunguzi, na namba ya kumbukumbu ya taarifa hii."

Umeona hakuna neno "mwizi" humo. Andika ulichokiona, ulicholipa na ulichoambiwa. Hukumu waachie wachunguzi. Kwa sababu hiyohiyo usimtangaze kwa jina na picha mitandaoni kabla hajachunguzwa. Unaweza kushtakiwa kwa kumchafulia mtu jina, na unampa nafasi ya kukimbia.

Wengine hawaripoti kwa kuogopa kushukiwa wao. Ripoti mapema, anayejitokeza na risiti zake anaonyesha nia njema kuliko anayekamatwa na hati ya uongo miezi sita baadaye. Msaada wa kitaalamu upo katika nchi nyingi. Polisi wa Jiji la London wana kitengo maalum cha makosa ya bima tangu 2012, na majimbo mengi ya Marekani yana idara zao za upelelezi wa makosa haya. Nchi nyingine hupokea taarifa bila jina la mtoa taarifa. Uliza mamlaka ya bima ya nchi yako ni ofisi gani inayoshughulika.

Tofautisha pia utapeli na mgogoro. Kampuni halali ikikataa kulipa kwa kutaja kipengele cha mkataba, au ikichelewesha, hayo ni malalamiko. Yapeleke kwa maandishi kwenye dawati la malalamiko la kampuni, na usiporidhika nenda kwa mamlaka au msuluhishi wa migogoro ya bima.

Fuatilia baada ya wiki mbili kwa kutumia namba ya kumbukumbu. Katika kipindi hicho jihadhari na wimbi la pili, kwa sababu majina ya waliotapeliwa huuzwa kwa matapeli wengine. Atakupigia mtu anayejiita mpelelezi au wakili, anaijua hasara yako na anadai anaweza kurudisha fedha zako kwa ada kidogo. Akisema anafuatilia ripoti yako, mwombe akutajie yeye namba ya kumbukumbu. Usimtajie wewe. Kisha kata simu, na upige mwenyewe kwenye ofisi uliyoripoti.